Mafua makali: kumuuguza mgonjwa nyumbani

Mimi ni muuguzi, ng'ambo ya Likoni, Mombasa. Kusi ikishaanza kuvuma na mvua za Mei, benchi letu hujaa wanaokohoa.

1. Jua mafua yanavyopita. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, hata akizungumza, hurusha matone yenye virusi, na aliye karibu huyavuta. Njia nyingine ni mkono: kapangusa kamasi, kashika chuma cha matatu, nawe ukakishika kisha ukajikuna jicho. Mtu huanza kuambukiza siku 1 kabla hajajihisi vibaya, kwa hivyo usihangaike kumtafuta aliyekupa kwenye feri. Dalili huja ndani ya siku 1 hadi 4, tena kwa kishindo: asubuhi uko Kongowea unachagua nyanya, alasiri unatetemeka chini ya blanketi.

2. Pima malaria kwanza. Pwani yetu si kila homa ni mafua. Zipo pia homa nyingine za mbu: dengi ilituzukia 2013, chikungunya ikaja mwisho wa 2017. Kama hakuna kikohozi wala kamasi, ila macho yanauma kwa nyuma au vipele vimetoka, asipirini na ibuprofeni ziweke kando hadi upimwe.

3. Hesabu parasetamoli. Hapa ndipo watu wanapoumia. Mtu mzima humeza vidonge 1 au 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Mama mmoja alinifungulia fundo la leso yake, ndani mna dawa aina tatu: ya homa, ya mafua, ya maungo. Nikageuza pakiti moja moja, nikasoma maandishi madogo. Zote zina parasetamoli.

"Mbona rangi zao mbalimbali, mwanangu?"

Rangi ni ya kiwandani, mama. Ini halioni rangi. Chagua moja, nyingine ziache. Mtoto hupimiwa dawa kwa uzito wake, na asipirini asipewe kabisa.

4. Mnyweshe. Madafu, uji mwepesi, supu, chai ya tangawizi na ndimu. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, aongeze. Asali hutuliza kikohozi, lakini si kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1. Kujifukiza sikugombi kwa mtu mzima. Mtoto usimwinamishe juu ya sufuria, nimeshafunga vidonda vya moto vya kutosha.

5. Antibiotiki ziache dukani. Haziui virusi.

6. Mtenge kidogo. Dirisha wazi, kikombe chake, na kitambaa chake kifuliwe kwa sabuni. Anayemhudumia anawe mikono kila atokapo chumbani. Asirudi kazini wala shule mpaka homa imwachie saa 24 bila dawa.

7. Mpeleke hospitali akipumua kwa shida, kifua kikimbana, akichanganyikiwa, au homa ikirudi baada ya kupata nafuu. Na mtoto akikataa kunyonya. Mjamzito, mzee, mtoto mchanga, mwenye pumu au kisukari asingoje hayo: ipo dawa ya virusi, nayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Mkija, njooni na dawa zote alizokwisha kumeza, ndani ya pakiti zake.