Mitego ya vikombe kwa wadudu wa ardhini: someni hapa kabla ya kuniuliza

Wakuu, tangu mvua zianze kila jioni naulizwa namna ya kutega mbawakawa, tandu na buibui. Naandika mara moja tu.

Vifaa: vikombe viwili vya plastiki kwa kila mtego, mwiko wa fundi, chumvi, sabuni ya maji isiyo na harufu, kigae.

Chimba shimo la kina cha kikombe. Tumbukiza vyote viwili, kimoja ndani ya kingine. Asubuhi unachomoa cha ndani na shimo halibomoki.

Sasa ukingo. Hapa ndipo nilipoumbuka. Kwenye miyombo nje kidogo ya Tabora mjini niliacha ukingo umejitokeza unene wa kidole. Siku tatu, vikombe kumi, nikaambulia jongoo mmoja na majani. Mdudu anayetambaa akikuta ukuta anauzunguka. Ukingo ulingane na ardhi au uwe chini yake kidogo, udongo ushindiliwe uguse plastiki pande zote. Kichanga chetu kikikauka kinaachana na kikombe, kwa hiyo kesho yake rudi ushindilie tena. USIKAGUE UKIWA UMESIMAMA. Piga goti, telezesha kidole kutoka ardhini hadi ndani. Kikikwama, chimbua uanze upya.

Maji ya chumvi robo kikombe, tone la sabuni. Egemeza kigae juu ya vijiti, kiinuke vidole viwili. Kagua kila asubuhi.

MASWALI

– Mkuu, sabuni ni lazima?
Nimeandika hapo juu.

– Nimefuata yote, nimepata maji tu.
Ulifunika?
– Hapana, kigae sikupata.
Basi hukufuata yote. Hata bati linatosha.

– Kaka, samahani, sabuni inafanya nini hasa?
Hilo ndilo swali, dada. Juu ya maji kuna kama ngozi. Mdudu mwepesi anaelea, akifika ukingoni anaparamia na kutoka. Sabuni inailegeza ngozi hiyo, anazama. Jaribu kwa sisimizi kwenye bakuli mbili utaona.

– Vyura wadogo wanatumbukia, nawaonea huruma.
Tandaza wavu wa kuku juu ya kikombe. Ukitaka viumbe hai, acha maji, toboa kitako, weka majani makavu, wahi alfajiri. Ukichelewa buibui atakuwa amewala wenzake.

– Siafu wamemaliza kila kitu!
Hamisha mtego. Na siafu habishiwi.

– Nyongeza: lebo za wadudu mnaowahifadhi kwenye chupa za spiriti andikeni kwa penseli, wino unayeyuka humo.
Umeniwahi. Na iingie ndani ya chupa, ya kubandika nje inabanduka.