Ritifaa ya ng'ombe, au namna ya kumlipa mwandishi wa matangazo

Nina bucha Sinza, na wateja 1,200 kwenye orodha yangu ya SMS. Mwaka juzi, wiki ya Idi el-Fitri, nilimpa kijana mmoja elfu 5 aniandikie tangazo la nyama ya ng'ombe. Dada mwingine alikuwa ametaja elfu 60, nikaona ananiibia. Herufi 150 tu, elfu 60?

Kijana akaandika kwenye Word, nami nikanakili nikatuma. SMS moja hubeba herufi 160, nafasi zikiwamo. Ila Word iliipindisha ile ritifaa ya ng'ombe, kile kialama kilicho kati ya ng na o, na ritifaa iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za SMS. Ikiingia hata moja, kikomo kinashuka hadi 70, na ukizidi hapo ujumbe unakatwa vipande vya herufi 67. Basi kila mteja nikahesabiwa SMS tatu. Kwa shilingi 22 kila moja, badala ya 26,400 nikalipa 79,200. Na tangazo lenyewe lilisema "nyama bora kwa bei nafuu", maneno yaliyopakwa rangi kwenye kila bucha kutoka hapa hadi Mbagala. Nyama nililala nayo.

Nikamrudia yule dada na aibu yangu. Tangu hapo nafanya hivi.

Usianze na "shilingi ngapi?" Anza na kazi: tangazo la nini, linasomwa na nani, lini. Dada yule siku ya kwanza hakuandika kitu. Alikaa kwenye benchi langu tangu saa 1 asubuhi, akisikiliza wateja. Karibu kila mmoja aliuliza kuhusu mfupa: unapimwa pamoja na nyama au vipi? Niko kwenye mzani ule miaka 9, nilikuwa najibu tu bila kusikia. Tangazo lake likaanza: "Nyama ya leo. Mfupa tunaupima mbali, wewe ukiona." Elfu 60 ilikuwa ya asubuhi ile ya benchini. Mimi nauza kwa kilo, nikadhani na maneno yanauzwa kwa kilo.

Usiombe "niandikie moja ya bure nione". Sijawahi kumkatia mtu nusu kilo ya maini akaonje kwanza. Ukitaka kumjaribu, mpe kazi ndogo, uilipie.

Mkikubaliana, andikeni WhatsApp, hata kama ni mtoto wa shangazi yako: kazi ipi, siku gani, marekebisho mangapi. Mimi natoa nafasi ya marekebisho mawili, la tatu nalilipia. Nusu ya pesa kabla, nusu akikabidhi. Kama biashara yako hukata kodi ya zuio, ile asilimia 5 ya huduma unayoizuia kwenye malipo yake na kuipeleka TRA, mwambie kabla hajataja bei.

Akikabidhi, bandika maneno kwenye mfumo wa SMS uangalie idadi ya herufi kabla ya kutuma. Dakika moja tu.

Halafu lipa siku hiyo hiyo, na utume na ya kutolea. Mara ya kwanza nilimtumia hesabu kavu. Akanijibu: "Asante kaka. Na hapa mfupa umepimwa humo humo?"