Mashua nzito haibebwi, huviringishwa
Jamaa mnaopakia mashua kwenye trela pwani ya Nungwi au Mkokotoni, acheni kunyanyua kwa mabega, migongo inaumia bure. Toeni kwanza maji yote ya ngamani (chini kabisa ndani ya mashua), maana kila lita ni kilo nzima, na mtoe chomboni nanga, tanga na foromali (mti unaofungiwa tanga). Trela ibaki imefungwa kwenye gari, magurudumu yatiwe kabari. Tandikeni magogo chini ya mkuku (uti wa chini wa mashua), omo, yaani mbele ya mashua, ielekee trela. Mtu mmoja kazi yake iwe kuokota gogo linalobaki tezi, yaani nyuma, mashua inaposogea, na kulirudisha mbele. Vidole visiingie chini ya mkuku hata kidogo! Mashua ikishapanda trela, uzito ulalie mbele ya ekseli (mhimili wa magurudumu) kidogo tu, ukizidi nyuma trela itayumba njiani. Halafu kazeni kamba omo na tezi.