Kuomba ruzuku ya utafiti wa kitabibu ukiwa chuo kikuu Uganda: anza na usajili wa chuo chako

Mwezi uliopita daktari mmoja kijana kutoka Arua, anayefundisha katika chuo kimoja cha mikoani, alikuja ofisini kwangu Mulago, Kampala, na andiko la kuomba ruzuku la kurasa kumi na mbili. Lilikuwa zuri. Swali lake lilitoka wodini, kwa watoto aliowatibu mwenyewe. Akaniambia, "Mwalimu, zimebaki siku kumi na tisa. Nisaidie tu kulituma." Nikamwuliza kama chuo chake kimesajiliwa kwenye mifumo ya mfadhili. Alikuwa hajui kama kuna usajili wowote.

Andiko lile halikutumwa awamu hiyo. Liliniuma sana, maana miaka kadhaa nyuma mimi pia nilipoteza andiko kwa sababu hiyohiyo. Haya hapa ndiyo niliyomwelekeza kwa jioni tatu, pamoja na yale niliyoyakumbuka baada ya yeye kupanda basi.

Hatua ya 1: Amua kama unaomba mafunzo au mradi

Kama bado hujui kukokotoa ukubwa wa sampuli bila kumpigia mtu simu, omba mafunzo kwanza. Hakuna aibu hapo. Makerere wana Kitengo cha Epidemiolojia ya Kitabibu kinachotoa shahada ya uzamili ya fani hiyo pamoja na takwimu za kibayolojia, na kwa maoni yangu daktari wa wodini hatapata msingi bora zaidi nchini. Anayependa milipuko ya magonjwa kuliko majaribio ya dawa aangalie programu ya miaka miwili ya epidemiolojia ya nyanjani iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Afya ya Umma. Kwa shahada ya uzamivu kuna CARTA, programu ya kuwafunza watafiti wa Afrika, inayoendeshwa kwa pamoja na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Hiyo huchukua wafanyakazi wa vyuo wanachama, na Makerere ni mojawapo. TDR, programu ya utafiti iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, humpeleka mtafiti kwenye kampuni ya dawa au taasisi ya utafiti ajifunze jinsi jaribio linavyoendeshwa, kisha hurudi nyumbani kwa mwajiri wake.

Wengi huchanganywa na ruzuku za mafunzo za Fogarty, kituo cha kimataifa cha NIH (Taasisi za Taifa za Afya za Marekani), zile zinazoitwa D43. Fedha zake hupewa chuo, hazipewi mtu binafsi. Ukikaa kwenye tovuti ya Marekani ukitafuta fomu ya mwanafunzi, hutaiona. Nenda kwa mkuu wa idara, uliza ni D43 zipi zinazoendelea chuoni na nani anazisimamia. Nafasi hutangazwa ndani, mara nyingi kwa karatasi moja iliyobandikwa ubaoni.

Kwa mradi, anza nyumbani. Mwaka wa fedha 2019/2020 serikali ilianzisha mfuko wa utafiti na ubunifu wa Makerere, MakRIF, kwa shilingi bilioni 30 kwa mwaka. Ruzuku ndogo ya ndani hukupa data za awali, na data za awali ndizo zinazofungua milango ya nje. Huko nje kuna K43, ruzuku ya Fogarty ya miaka mitatu hadi mitano, kwa mtafiti anayechipukia aliyeajiriwa katika nchi yenye kipato cha chini au cha kati. Kuna pia Global Health EDCTP3, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti wa afya, uliopangwa kuendelea hadi 2031, ambao kwa kawaida hutaka muungano wa taasisi za nchi kadhaa.

Hatua ya 2: Cheti cha GCP na namba ya ORCID

Jioni moja inatosha. Kozi ya GCP, yaani maadili na uendeshaji bora wa majaribio, ipo bure kwenye tovuti ya The Global Health Network. ORCID, namba ya kudumu inayomtambulisha mtafiti, ni dakika tano.

Hatua ya 3: Tafuta mlezi anayekuona

Nina msimamo mkali hapa. Profesa wa Kampala au Mbarara anayepita wodi moja nawe, na unayeweza kumgongea mlango Ijumaa, ni bora kuliko profesa mashuhuri wa ng'ambo anayejibu baruapepe mara moja kwa mwezi. Wa ng'ambo awe wa pili. Mpelekee mlezi ukurasa mmoja tu wenye swali lako na unachotaka akusaidie, na umwombe miadi kwa adabu ya kawaida: mpigie katibu wake kwanza.

Hatua ya 4: Usajili wa taasisi (anza hapa hata kama andiko halijaandikwa)

Soma sehemu hii mara mbili.

Kwa NIH ya Marekani, anayeomba kisheria ni chuo chako, wewe ni mtafiti mkuu tu. Zamani wengi wetu tuliponea kwenye mgongo wa chuo cha Marekani: wao walipokea ruzuku, sisi tukapewa sehemu yetu kupitia kwao. Mei 2025 NIH ilitangaza kusitisha utaratibu huo kwa taasisi za nje hadi mfumo mpya uwekwe, mfumo ambao taasisi ya nje inapewa sehemu yake moja kwa moja. Maana yake kwako ni kwamba chuo kisichokuwa na usajili wake hakina tena mgongo wa kupanda.

Utaratibu ni huu, na usiuvuruge. Kwanza chuo kiombe namba ya NCAGE, ambayo ni ya taasisi zilizo nje ya Marekani. Kwa namba hiyo kijisajili SAM.gov, daftari la serikali ya Marekani la taasisi zinazoomba fedha zake, ambako kinapata UEI, yaani kitambulisho cha kipekee cha taasisi. Baada ya hapo ndipo kinasajiliwa Grants.gov, tovuti ya kuombea ruzuku za serikali hiyo, na eRA Commons, mfumo wa NIH wa kusimamia maombi. Mwisho kabisa, afisa mwenye mamlaka ya kusaini wa chuo anakufungulia wewe akaunti ya mtafiti mkuu ndani ya eRA Commons. NIH yenyewe hushauri muda wa wiki sita au zaidi. Mimi nakwambia tenga miezi mitatu.

Kinachochelewesha ni jina na anwani. Jina la chuo na anwani yake kwenye NCAGE lazima vifanane na vya SAM.gov, herufi kwa herufi. Katika chuo nilichokuwa zamani, mtu mmoja aliomba NCAGE kwa jina la kitivo cha tiba, mwingine akajaza SAM.gov kwa jina la chuo kizima. Mmoja aliandika sanduku la posta, mwingine kiwanja na barabara. Mfumo ukakataa. Tukasahihisha upande mmoja, ukakataa tena kwa sababu masahihisho yalikuwa hayajafika upande wa pili. Wiki saba zikaisha hivyo, tarehe ikapita, na muuguzi mtafiti niliyekuwa nimemwahidi kazi akaenda kwingine.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kompyuta, nenda kwa mwanasheria wa chuo uchukue nakala ya hati ya kuanzishwa kwa chuo. Jina lililomo humo ndilo la kutumia kila mahali, pamoja na mkato na nukta zake. Anwani iwe ya mahali halisi, kiwanja na barabara. Sanduku la posta halikubaliki kama anwani ya mahali. Utaombwa pia karatasi ya kuthibitisha anwani hiyo, na hapa vyuo vyetu hukwama: barua zetu nyingi zina sanduku la posta peke yake, na jengo linalotumia mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla, halina ankara ya umeme ya kila mwezi. Ankara ya maji au taarifa ya benki iliyoandikwa kiwanja ndiyo iliyotuokoa. Kama benki inaandika sanduku la posta, waombe mapema wabadilishe anwani kwenye akaunti, kisha msubiri taarifa inayofuata.

Dawati la msaada la SAM.gov hufuata saa za mashariki mwa Marekani na hufunguliwa saa mbili asubuhi kwao. Kwetu hiyo ni saa tisa alasiri wakati wa kiangazi chao, au saa kumi wakati wa baridi. Usipige asubuhi. Panga kubaki ofisini jioni, uwe na muda wa maongezi wa kutosha, na uandike namba ya kila tatizo uliloripoti.

Usajili wa SAM.gov huisha baada ya siku 365. Kama msimamizi wake chuoni amestaafu na neno la siri, kumbadilisha kunahitaji barua rasmi iliyothibitishwa mbele ya mthibitishaji wa hati. Weka watu wawili, na tarehe ya kuhuisha iwe kwenye kalenda za wote wawili. Na mkihuisha, tegemeeni baruapepe za watu wanaodai dola mia kadhaa ili "wawasajili". Usajili wote huu ni bure. Msimlipe mtu yeyote.

Kwenye eRA Commons, mtu mmoja hawezi kutumia akaunti moja kama afisa msaini na kama mtafiti mkuu. Mkuu wa kitivo ambaye pia ni mtafiti awe na akaunti mbili. Unganisha ORCID yako papo hapo.

Kwa ruzuku za Ulaya mambo ni mepesi zaidi. Kinachohitajika ni PIC, namba ya tarakimu tisa ya kuitambulisha taasisi. Itafute kwanza kwenye daftari lao la washiriki, maana huenda chuo chako kinayo tayari. Ukifungua ya pili utaleta mkanganyiko.

Hatua ya 5: Andiko

Andika kwanza ukurasa mmoja wa malengo, umpe mlezi aukosoe mpaka ukae sawa, ndipo uendelee. Kwa K43, maelezo na malengo ya mwombaji pamoja na mkakati wa utafiti havizidi kurasa 12 kwa jumla. Marejeo yako yaweke Zotero, programu ya kupanga marejeo, tangu siku ya kwanza. Ni bure, na sijaona sababu ya mtu kuyapanga kwa mkono.

Swali litoke kwa wagonjwa wako. Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya hapahapa Mulago alipochapisha mwaka 1958 maelezo ya uvimbe wa taya za watoto. Jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011, lilishirikisha watoto zaidi ya 3,000 wa Uganda, Kenya na Tanzania. Lilionyesha kwamba kuwamiminia kwa kasi maji ya mshipani watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu kuliongeza vifo. Swali hilo lisingejibiwa London.

Hatua ya 6: Bajeti

Ijenge kwa shilingi, kwa bei za hapa, kisha uigeuze kuwa dola kwenye ukurasa wa pili wa jedwali la Excel. Weka nauli za washiriki, bima ya washiriki kama ni jaribio la dawa, na ada za kamati ya maadili, za Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na za Mamlaka ya Dawa. Hizi ada watu huzisahau, kisha huzilipa mfukoni. Fedha za uendeshaji wa chuo, kwa taasisi ya nje inayoomba NIH, ni asilimia 8. Mweleze mhasibu wa chuo mapema asije akaweka 25.

Hatua ya 7: Ruhusa

Kamati ya maadili iliyoidhinishwa hutangulia, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kama unajaribu dawa, unahitaji pia cheti cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Jaribio lisajiliwe ClinicalTrials.gov au kwenye daftari la Afrika la PACTR kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia, la sivyo majarida makubwa hayatakuchapisha.

Fomu ya ridhaa itafsiriwe kwa lugha wanayoielewa wagonjwa wako. Ukifanya kazi Arua, usiishie Kilugbara, maana si wagonjwa wote wanaokielewa. Ukifanya kazi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali, Wakongo wengi watakuelewa kwa Kiswahili. Mpe mtu mwingine airudishe tafsiri hiyo kwenye Kiingereza bila kuona ya awali, kisha uzilinganishe. Daktari wangu wa Arua aligundua kwa njia hiyo kwamba fomu yake ilimwambia mama kuwa mtoto "atapewa dawa", ilhali nusu ya watoto wasingepewa. Aliirekebisha usiku uleule.

Hatua ya 8: Kutuma

Mwisho wa NIH ni saa kumi na moja jioni kwa saa za hapa kwetu. Mwisho wa Ulaya kwa kawaida ni saa kumi na moja za Brussels, yaani saa kumi na mbili au saa moja usiku Kampala, kulingana na majira yao. Usingoje siku hiyo. Tuma angalau siku tatu kabla, kwa sababu NIH hukupa siku mbili za kazi kulitazama andiko kama litakavyoonekana na wakaguzi. Mfumo ukileta "onyo" unaweza kuendelea. Ukileta "kosa", andiko halijapokelewa mpaka ulirekebishe kabla ya saa ya mwisho.

Likikataliwa, soma maoni ya wakaguzi pamoja na mlezi, si peke yako, na usubiri siku mbili kabla ya kuyajibu. NIH hukuruhusu kulirudisha mara moja tu likiwa limerekebishwa, ndani ya miezi 37 tangu ulipolituma.

Wiki hii daktari wa Arua amenitumia picha ya ankara ya maji ya chuo chake. Imeandikwa kiwanja na barabara. Ombi la NCAGE linaingia Jumatatu.