Kuandika uaminifu kati ya bosi wa kike wa genge na mlinzi wake wa zamani

Usianze na bastola. Anza na siku mlinzi alipoacha kazi: nani alisema nini, nani alinyamaza.

Mimi huamua kwanza jambo moja ambalo bosi hamwombi mlinzi kamwe, hata akibanwa vipi, kwa kuwa anajua atakataa. Kisha maadui wamwendee mlinzi na fedha. Akatae, wala asimpigie bosi simu kujisifu. Mama huyo alisikie kwa mtu mwingine, sura kadhaa baadaye. Wakikutana, mlinzi bado amwite “Mama”, ingawa mshahara wake hapokei tena.

Nidhamu ya bosi ni mambo madogo: hanywi kazini, haongei biashara mbele ya dereva.

Mapenzi? Mimi huyaacha nje ya hadithi. Yakiingia tu, msomaji hudhani uaminifu wote ulitoka huko.