Kutoka Lushoto hadi Mtae kwa baiskeli ya changarawe: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu unamlenga mtu anayemudu baiskeli kwenye tambarare na sasa anataka kuvuka Usambara Magharibi kwa njia za udongo na changarawe, kuanzia Lushoto mjini, kupitia Magamba na Lukozi, hadi Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa milima kikiitazama nyika ya Mkomazi kwa chini. Umbali wake ni takribani kilomita 60. Mwenye mapafu mazuri huumaliza kwa siku moja, lakini mimi hushauri siku mbili, kwa sababu makosa mengi niliyoyafanya katika njia hii niliyafanya baada ya saa nane mchana, miguu ikiwa imekwisha na bado kuna mteremko mbele.

Hatua ya 1: Chagua majira

Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa haukuangushi tu, bali hujikusanya kati ya tairi na fremu kama saruji, hadi gurudumu ligome kuzunguka na ubaki unauchokoa kwa kijiti kila baada ya mita hamsini. Nafasi nzuri ni Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Kumbuka tu kwamba Juni na Julai ni miezi ya baridi kali huku juu, na ukungu unaweza kukaa msituni hadi saa nne asubuhi, hivyo koti jepesi la kuzuia upepo na taa ya nyuma ni vitu vya lazima hata kama umetoka Mombo, mji ulioko chini ya milima, ukiwa unatokwa jasho.

Hatua ya 2: Kagua gia, matairi na breki

Kwenye gia, hesabu meno. Gia yako nyepesi kuliko zote iwe na meno machache mbele kuliko nyuma, kwa mfano 30 mbele na 36 au zaidi nyuma. Baiskeli ya mashindano ya lami, ambayo kwa kawaida haishuki hadi hapo, itakulazimisha kusimama juu ya pedali kwenye mpando, na ukisimama kwenye kokoto zilizolegea uzito hutoka kwenye gurudumu la nyuma, gurudumu huteleza, na safari inaendelea kwa mguu.

Matairi yawe na upana wa milimita 40 hadi 45. Yenye meno makubwa ya kupasua matope hayahitajiki wakati wa kiangazi. Breki za diski ni bora, lakini hata hizo zikague: vua gurudumu, angalia pedi, na kama sehemu ya kusugulia iliyobaki haifiki unene wa milimita moja, badilisha kabla ya kuondoka. Usijiambie kwamba zitafika Mtae.

Hatua ya 3: Upepo wa matairi na vipuri

Mwendeshaji wa kilo 70 mwenye mzigo mdogo na matairi ya milimita 45 yenye tyubu anaweza kuanza na PSI (kipimo cha upepo kinachosomeka kwenye pampu) 32 mbele na 36 nyuma, kisha akarekebisha. Tairi lililojazwa kupita kiasi hurukaruka juu ya kila jiwe na kukunyima mshiko, ilhali lenye upepo mdogo mno hubanwa kati ya jiwe na rimu, na tyubu hutoboka matundu mawili sambamba kama ya kuumwa na nyoka. Ukiona matundu ya namna hiyo, kuziba pekee hakutoshi. Ongeza na upepo.

Beba tyubu mbili, viraka, solusheni, pampu, vifaa vya kubandulia tairi, kiungo cha akiba cha mnyororo na spana zinazolingana na nati zako. Beba pia kipande cha tairi kuukuu chenye urefu wa kidole, kwa ajili ya kuweka ndani iwapo ubavu wa tairi utachanwa na jiwe.

Hapa nina la kueleza kwa urefu kidogo. Kila kituo chenye maduka kina fundi baiskeli, na mafundi hawa ni hodari kuliko wengi wa mjini, lakini kazi yao ya kila siku ni baiskeli kubwa za mizigo za inchi 28. Safari moja nilitoboa tyubu zangu zote mbili kabla ya Lukozi na solusheni yangu ilikuwa imekauka ndani ya bomba lake. Fundi alinipa tyubu mpya ya inchi 28, ambayo kwa ukubwa ingekubali, ila mdomo wake wa kujazia upepo ulikuwa mnene na tundu la rimu yangu lilikuwa dogo, la mdomo mwembamba. Tulikaa tukiangaliana. Hatimaye aliziba tyubu yangu ya zamani kwa kiraka alichokikata kutoka tyubu ya pikipiki, akakikwangua kwa msasa, akapaka gundi na kusubiri ikauke hadi isinate tena kidoleni ndipo akakibandika. Kiraka hicho kilidumu mwaka mzima. Kwa hiyo pima tundu la rimu yako kabla ya safari, na fungua bomba la solusheni uhakikishe bado ni majimaji.

Hatua ya 4: Panga safari kwa saa

Ukimwuliza mwenyeji umbali wa kijiji kinachofuata, mara nyingi atakujibu kwa muda wa kutembea, naye yuko sahihi, maana huku kilomita haina maana mpaka ujue inapanda au inashuka. Kanuni yangu ni kuhesabu saa moja kwa kila kilomita 15, kisha kuongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Siku yenye kilomita 30 na mpando wa jumla wa mita 800 itakuchukua basi kama saa tatu na dakika ishirini za kuendesha, bila kuhesabu chai. Anza saa moja asubuhi na panga kuwa umeshuka kwenye baiskeli ifikapo saa tisa alasiri. Lukozi iko karibu na katikati ya njia, ila usiku wa kabla ya safari piga simu uhakikishe mahali pa kulala, na waulize madereva wa malori ya mboga hali ya barabara, kwa kuwa kila masika huibadilisha.

Hatua ya 5: Siku ya majaribio

Fika Lushoto siku moja kabla. Mji uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, na mtu aliyetoka Tanga au Dar es Salaam huhisi pumzi kumpungukia kidogo. Nenda Irente na kurudi, kilomita chache tu, ukiwa na mzigo kamili. Lengo ni kusikia kinachogonga, kinacholegea na kinachokusugua mapaja. Mandhari ya ukingo wa Irente ni malipo ya ziada.

Hatua ya 6: Kupanda

Kaa kwenye kiti, shusha gia kabla mpando haujakukaba, na weka kifua karibu na usukani ili gurudumu la mbele lisinyanyuke. Kipimo changu cha mwendo ni salamu: ukishindwa kumjibu mtu sentensi nzima bila kuhema, unakwenda kasi mno. Pale unapolazimika kusukuma, sukuma bila aibu.

Hatua ya 7: Kushuka

Wageni huogopa mipando, lakini wanaoumia huumia kwenye miteremko. Punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa wima, kisha achia breki unapoingia na kuinama, kwa sababu gurudumu la mbele likifungwa na breki juu ya kokoto huku limeinama, huna muda wa kulirekebisha. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, ila ikandamize polepole na uzidishe kadiri tairi linavyoshika. Sukuma makalio nyuma kidogo ya kiti, pedali zikiwa sambamba na ardhi, viwiko vimelegea.

Tazama rangi ya njia. Mahali palipopitwa na magurudumu mengi huwa pagumu na pamesawazika, ilhali kokoto zilizolegea hukusanyika katikati ya mikondo hiyo na upande wa nje wa kona. Kaa kwenye mkondo wa kushoto hata pale wa kulia unapoonekana mzuri zaidi. Bodaboda wengi huzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta, na anayekuja nyuma yako au anayekukabili konani akiwa amepakia magunia ya viazi hatasikika. Piga kengele kila kona isiyoonyesha mbele.

Kwenye mteremko mrefu, simama kila baada ya dakika chache. Ukinusa harufu ya kuungua, breki zimepata moto. Ziache zipoe zenyewe bila kuzimwagia maji, na usiiguse diski kwa kidole, jambo ambalo nimelifanya mara moja na halihitaji kurudiwa.

Hatua ya 8: Vijia vya mashambani na msitu

Vijia vinavyokata kati ya mashamba ya kabichi na karoti ni vitulivu na vinavutia, lakini ni njia za watu wanaobeba kuni na majani ya ng'ombe kichwani, ambao hawawezi kugeuka ghafla. Ukimkuta mtu mbele yako, shuka kwenye baiskeli, mwamkie mkubwa wako shikamoo, na uombe njia. Usikatize juu ya matuta hata kama kijia kinazunguka mbali. Majani yaliyooteshwa kwenye kingo ndiyo yanayoshikilia udongo, na mfereji mmoja wa tairi mvua huugeuza korongo.

Ukitaka kuacha barabara ya umma na kuingia ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, wanakoishi mbega, pata kibali kwanza kwenye ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu na uulize ni njia zipi zinazoruhusu baiskeli.

Hatua ya 9: Kufika na kurudi

Ukifika Mtae, shughulikia baiskeli kabla ya kuoga. Futa mnyororo kwa kitambaa kikavu, tia tone la mafuta kwenye kila kiungo, futa ziada, kisha zungusha kila gurudumu ukiangalia kama kuna spoki iliyolegea. Jioni hiyo hiyo ulizia basi la kurudi Lushoto, kwa maana huondoka alfajiri kabisa, na kondakta apewe taarifa mapema kwamba kuna baiskeli ya kufungwa juu ya keria. Ilaze upande usio na mnyororo, na uifunge wewe mwenyewe.