Somo: Kula kwa mama lishe, kwenye nyama choma na shughulini bila sukari kupanda

Huu ni mwaka wa tisa naishi na kisukari cha aina ya pili, na kazi yangu ya dukani Kariakoo hainipi nafasi ya kubeba chakula. Mchana nakula kwa mama lishe, mara mojamoja jioni nakaa na wenzangu kwenye nyama choma, na Jumamosi haipiti bila ndoa, kipaimara au arobaini. Wengi wa kikundi chetu cha wenye kisukari mnaniambia nyumbani mnajiweza, lakini mkitoka tu sukari inaruka. Kwa hiyo naandika ninavyofanya mimi, hatua kwa hatua, kama ninavyomweleza mdogo wangu.

Nakula wanga kidogo: chini ya gramu 130 kwa siku, na mlo wa mchana naulenga kwenye gramu 40 hivi. Kiasi chako kipange na kliniki yako. Utaratibu wa kuagiza na kula ni uleule hata kama kiasi chako ni tofauti.

Hatua ya 1: Anza na dawa unazotumia

Hii naiweka mbele kwa sababu iliniangusha. Miaka ya mwanzo nilikuwa natumia glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari. Siku moja nikajisifu moyoni kwamba leo sigusi wanga kabisa. Nikameza kidonge changu kama kawaida, nikala nusu kilo ya mbuzi na kachumbari, nikapanda daladala. Kabla ya kufika Buguruni jasho linanitoka, mikono inatetemeka, namsikia konda kama yuko mbali. Nilikuwa na kipimo cha sukari mkobani, kikasoma 3.1 (namba zote za sukari humu ni za mmol/L). Abiria mwenzangu alininunulia soda dirishani, Mungu ambariki.

Glibenklamidi, glimepiridi na gliklazidi hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala wanga. Insulini ya sindano nayo haisubiri uamue kula nini. Ukipunguza wanga na dozi ikabaki ileile, sukari itashuka. Nenda kwa daktari wako umwambie, "Nataka kupunguza wanga, dozi yangu iweje?" Usijipunguzie mwenyewe, na usiache. Metformini ikiwa peke yake kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi, lakini bado mwambie.

Anayetumia dapagliflozini au empagliflozini awe mwangalifu zaidi. Dawa hizi zikikutana na mlo wenye wanga kidogo sana, asidi ya ketoni, ile mwili hutoa unapochoma mafuta badala ya sukari, inaweza kujaa mwilini huku kipimo cha sukari hakionyeshi jambo la kutisha. Ukiona kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma na kuhema haraka, wahi hospitali uwatajie jina la dawa.

Na kila mtu atembee na sukari. Ikishuka chini ya 4, kunywa vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au karibu nusu chupa ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Wakati huo hatuzungumzii mlo wa wanga kidogo. Kunywa.

Hatua ya 2: Jua wanga umejificha wapi

Sahani ya wali iliyojaa hadi pembeni inakaribia gramu 80 hadi 100 za wanga. Chapati moja ya kawaida ni kama 30. Andazi moja kama 25. Chipsi sahani moja inaweza kufika 70. Muhogo una wanga kushinda kiazi mviringo, tena karibu mara mbili kwa uzito uleule, ingawa watu wengi tunauona kama chakula cha shamba kisicho na madhara.

Kipimo changu ni ngumi. Wali wa ukubwa wa ngumi yangu ni gramu 45 hivi. Ugali umeshindiliwa, kwa hiyo ngumi ya ugali ni nzito kuliko ya wali. Mimi nachukua kidogo zaidi ya nusu ngumi.

Vinavyodanganya ni vile visivyofanana na wanga. Mtori unaitwa supu, lakini ni ndizi zilizopondwa. Niliwahi kunywa bakuli mbili za mtori kwenye arobaini nikijua nimekwepa pilau, na saa mbili baadaye nilisoma 15.2. Mchemsho wa kuku ni mzuri, ila angalia viazi na ndizi zilizomo. Urojo wa Zanzibar mchuzi wake umekolezwa kwa unga, kisha ndani kuna viazi na kachori. Rosti nyingine hukolezwa kwa unga pia; uliza. Maharage yana wanga, nusu kikombe kama gramu 20, lakini yana nyuzinyuzi nyingi na hupandisha sukari taratibu. Ukila maharage, punguza ugali. Usiyahesabu kama nyama.

Unavyoweza kula kwa amani: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, mlenda, kabichi, bilinganya, kachumbari, mayai, samaki, dagaa, kuku, nyama, parachichi.

Hatua ya 3: Sema kabla hajapakua

Hapa ndipo mlo unapoamuliwa. Sahani ikishawekwa mbele yako imejaa, na njaa ya saa nane unayo, utaimaliza. Mimi husogea mpaka kwenye masufuria, nasalimia, nasema: "Mama, leo nipe ugali wa mtoto, niongezee mchicha, na samaki yule mkubwa." Neno "ugali wa mtoto" halihitaji maelezo ya ugonjwa. Wiki ya pili atakuwa anakupakulia bila kuuliza.

Lipa bei kamili. Usidai upunguziwe kwa sababu ugali ni mdogo. Samaki na mboga ndivyo vinavyomgharimu. Mama lishe wangu sasa ananiwekea matembele pembeni kabla hayajaisha, na hilo limenisaidia kuliko ushauri mwingi niliopewa.

Asubuhi kwenye supu, tatizo ni zile chapati mbili. Agiza supu ya mbuzi au ya samaki, ndimu, pilipili, na yai la kuchemsha. Ukishindwa, nusu chapati, nusu nyingine mpe jirani wa mezani kabla hujaanza.

Nyama choma ndiyo rahisi kuliko zote. Nusu kilo, kachumbari sahani nzima, parachichi kama lipo. Mwambie mhudumu mapema asilete ndizi wala ugali, maana vikifika mezani wenzako watakusogezea. Mishikaki nayo ni salama, ila mchuzi mwekundu wa chupa una sukari.

Chipsi mayai, zege lenyewe: mwambie mkaangaji chipsi kiganja kimoja, mayai matatu, kachumbari nyingi. Wanakubali. Ukitaka mayai matupu pia wanakubali.

Kwenye shughuli ya kujipakulia, zunguka meza nzima bila sahani kwanza, uone kilichopo mpaka mwisho. Pilau huwekwa mbele na nyama mwishoni, na wengi wetu tunafika kwenye nyama sahani haina nafasi. Anza upande wa nyama na saladi. Vijiko viwili vya pilau viingie mwisho kabisa.

Hatua ya 4: Mboga na kitoweo kwanza, wanga mwisho

Chakula kilekile kikiliwa kwa mpangilio huu hupandisha sukari kidogo kuliko ukianza na wanga. Kwa wali ni rahisi. Kwa ugali kuna ugumu wake, kwa sababu tonge ndilo linalochota mboga, na tumelelewa hivyo. Omba kijiko. Kula nusu ya mboga na nusu ya samaki kwa kijiko, kisha nawa, chukua ugali wako mdogo umalizie navyo. Utashangaa umeshashiba.

Hatua ya 5: Kinywaji

Maji. Chai ya rangi au kahawa bila sukari. Soda isiyo na sukari ukiitamani sana. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina gramu 35 hadi 40 za sukari, yaani umemaliza mlo wako kabla ya kula. Juisi ya miwa, ya embe na ya ukwaju iliyotiwa sukari haziko mbali na hapo. Dafu si maji matupu, lina sukari yake. Usilinywe kutwa nzima.

Hatua ya 6: Tembea, halafu pima

Ukimaliza kula usikae. Tembea dakika 10 hadi 15, hata kama ni kuzunguka soko. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu.

Pima kabla ya kula, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza. Wengi hulenga chini ya 10 saa hiyo ya pili, lakini fuata lengo ulilopewa kliniki. Nawa kwa sabuni ukauke kabla ya kujitoboa. Tunakula kwa mikono, na kidole chenye maji ya embe kitakusomea sukari ambayo haimo kwenye damu. Andika: chakula gani, kiasi gani, namba ngapi. Daftari langu liliniambia naweza kula viazi vitamu kipande kimoja bila shida, lakini wali wa nazi hata kidogo unanipandisha. Mwenzangu ni kinyume chake.

Maswali ya wanakikundi

*Mwanachama wa Tanga: Shikamoo mama. Mimi nakula dona tu nje na ndani, nimeambiwa dona haipandishi sukari. Mbona asubuhi nasoma 11?*

Marahaba mwanangu. Dona ina nyuzinyuzi na virutubisho zaidi ya sembe, na ni bora kuichagua. Lakini ni mahindi, wanga wake ni mwingi vilevile. Sahani iliyojaa dona ni sahani iliyojaa wanga. Punguza kiasi. Na kwa hiyo 11 ya asubuhi kabla ya kula, usikilaumu chakula cha jana peke yake, kwa sababu ini nalo hutoa sukari usiku. Ikijirudia siku tatu, nenda kliniki na daftari lako.

*Mwanachama wa Mbagala: Dada, nikienda ukweni nikikataa wali wanasema nawadharau. Nimeshalia kwa jambo hili.*

Pole sana mdogo wangu. Usikatae sahani, pokea. Mwombe mumeo au wifi unayeelewana naye aongee na mama mkwe kabla hamjafika, si mbele ya wageni. Ukifika ingia jikoni usaidie kupakua, hapo sahani yako utaipakua mwenyewe. Kula mboga zake na kuku wake kwa furaha, sifia mapishi, omba kuongezewa mchuzi. Mama mkwe anayekuona unaongeza hatasema umemdharau.

*Mwanachama wa Mombasa: Assalaam alaykum. Tukialikwa futari kuna tende, uji, viazi vitamu, mihogo ya nazi na sambusa. Nishike lipi?*

Waalaykum salaam. Kwanza, kufunga au kutofunga ukiwa na kisukari amua pamoja na daktari kabla mwezi haujaandama, kwa sababu dawa na saa zake hubadilika. Ukikaa kwenye futari, fungua kwa maji na tende moja. Tende ndogo ina gramu 5 au 6 za sukari, inatosha kutimiza sunna. Kisha supu, samaki au nyama. Halafu chagua kimoja tu kati ya vyenye wanga, kipande kimoja cha muhogo au sambusa mbili za nyama. Uji wenye sukari uache upite. Na ukiwa umefunga sukari ikishuka chini ya 4, fungua hapohapo.

*Mwanachama wa Moshi: Kaka yangu anakula nyama choma kila siku kwa sababu haina wanga, lakini ameambiwa figo zimeanza kuchoka. Aendelee?*

Asiendelee hivyo. Mwenye tatizo la figo kiasi cha protini na chumvi lazima kipangwe na daktari na mtaalamu wa lishe wa hospitali. Somo langu hili lisimwongoze yeye.

*Mwanachama wa Dodoma: Na bia mbili na hiyo nyama?*

Bia ina wanga wake, hilo moja. La pili ni zito zaidi: pombe hulizuia ini kutoa sukari, kwa hiyo sukari inaweza kushuka saa nyingi baadaye ukiwa umelala, na watu wakadhani umelewa. Kama unatumia insulini au vidonge nilivyovitaja hatua ya kwanza, muulize daktari wako wazi bila aibu. Usinywe tumbo tupu, pima kabla ya kulala, na aliye nawe nyumbani ajue.

*Mwanachama wa Temeke: Vijiti vya kupimia ni ghali, siwezi kupima kila mlo.*

Hata mimi siwezi. Ninachofanya ni kuchagua chakula kimoja ninachokula mara nyingi, nakipima siku moja, kabla na baada ya saa mbili. Vijiti viwili. Wiki inayofuata chakula kingine. Kwa miezi mitatu utakuwa umevijua vyakula kumi na viwili vya mtaani kwako kwa namba zako mwenyewe. Ila ukijisikia kutetemeka au jasho, tumia kijiti bila kuhesabu gharama, na kama huna, kunywa sukari kwanza.